Ng'ombe Alikula, Hakufa

Nauza vyakula vya mifugo Mikumi, kando ya barabara kuu, na haipiti siku bila mtu kuniletea kiganja cha pumba kwenye kimfuko. "Dada, hebu niangalizie, hizi bado nzima?" Kwenye jambo hilo sina adabu kabisa. Nikiona zimeshikana mabonge, au nikisikia ile harufu ya chini kwa chini ya godoro lililolowa, namwambia hapo hapo: tupa. Akianza kunibembeleza, oh, nitazianika, oh, nitazichanganya na nzuri, oh, kuku wangu wamekula na wako salama, ndipo napandisha sauti mpaka wenye maduka ya jirani wanachungulia. "Kuku wako ndio maabara? Nimesema tupa!" Wengine wananiita mkali. Wengine wanasema nataka tu wanunue za kwangu. Waseme. Mimi najua nilikotoka.

Nilikotoka ni Rudewa, kule Kilosa, na kabla ya hapo ni Kanda ya Ziwa, ingawa ya huko siyakumbuki, maana nililetwa mgongoni. Baba yangu alikuja Kilosa na ng'ombe, akifuata majani na maji kama wenzake walivyofanya. Shule hakuikanyaga. Alichokijua ni ng'ombe, na alikijua kweli kweli. Ukimwonyesha kinyesi alikuwa anakuambia ng'ombe huyo amekula wapi na amekaa na kiu muda gani. Watu walitoka hata Kidete kuja kumuuliza ndama huyu ana nini, majani haya mapya yana madhara au hayana, na yeye alikuwa anajibu bila haraka, akichokonoa meno na kijiti, na anachosema kinafuatwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani kazi ya baba ni kuulizwa.

Halafu yakaja mambo ya ardhi. Sitaki kuyarudia, kwa sababu ukiyasimulia mbele ya wakulima unaonekana unawasema, na ukiyasimulia mbele ya wafugaji unaonekana umewageuka. Itoshe kusema ng'ombe wa baba waliisha. Wengine waliuzwa kwa pupa, wengine walikufa njiani tulipohamishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Akabaki na mmoja tu, jike zee lililokatika pembe. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ndugu zangu wameolewa mbali, kwa hiyo baba akawa kwangu. Aliendelea kuamka alfajiri vile vile, anavaa koti, anachukua fimbo, halafu anasimama mlangoni hana pa kwenda. Hakuna aliyekuja kumuuliza kitu tena. Jamani, kuna umaskini wa aina nyingi, lakini ule wa mtu mzima kukosa wa kumuuliza, mimi niliuona kwa macho yangu ndani ya nyumba yangu, na uliniuma.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo kwenye shamba moja ambalo zamani lilikuwa la mkonge. Mwenye shamba alikuwa mstaafu aliyekaa miaka mingi ng'ambo, akarudi na ndoto moja ambayo hakuna aliyeielewa: farasi. Alileta wawili kutoka Arusha, dume jeusi na jike jekundu. Rudewa nzima ilikuja kushangaa. Watoto walining'inia kwenye uzio, wanawake wakauliza kama wanakamuliwa. Mtunzaji wa kwanza alipigwa teke, akaondoka siku hiyo hiyo bila hata kuaga. Nami nikaona mlango umefunguka. Nikamfuata mwenye shamba, nikamwomba ampe baba kazi ile.

"Mzee anawajua farasi?" akaniuliza.

"Anamjua mnyama," nikamjibu.

Akacheka, akakubali. Alikuwa mtu mwema, sitasema vingine. Siku ya kwanza alimwamkia baba kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," na baba akaitika "Marahaba" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Mwanzoni baba aliwadharau wale farasi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda lao asubuhi nzima, akiwatazama, kisha akaniita stoo akicheka mpaka machozi. "Mama," aliniambia, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "njoo uone maajabu. Mnyama mkubwa hivi, na hacheui! Anakula, anameza, basi, imetoka hiyo. Atajuaje alichokula?" Tulicheka wote. Alirudia hadithi hiyo kwa kila aliyepita kwa wiki mbili, na kila mara alimalizia kwa kutikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba farasi amezaliwa na kilema.

Lakini yule farasi jike alimteka. Sijui ilianza lini. Nilichoona ni kwamba baba aliacha kubeba fimbo. Alimzoeza kuja kwa mluzi mdogo, akamchana manyoya ya shingoni kwa kitana changu cha zamani, akamsemesha Kisukuma, lugha ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naipata nusu nusu. Mbung'o walipomwambukiza akaugua, akakonda mpaka mbavu zinahesabika, baba alihamishia godoro lake pale bandani na hakutoka mpaka mnyama aliposimama imara. Nilimtania, "Baba, umeoa?" Akanifukuza na ndala. Alikuwa na furaha. Nalisema waziwazi kwa sababu ndilo linalonichoma: baba yangu alikuwa na furaha, na mimi ndiye niliyempeleka kwenye furaha hiyo.

Kila magunia mapya yalipoingia stoo nilimwita akague. Kwa kweli sikuhitaji kumwita. Nilikuwa nimefundishwa kazi yangu, najua kupanga magunia juu ya chaga yasiguse sakafu, najua kuanza na la zamani kabla ya jipya. Lakini nilimwita ili aulizwe. Naye alikuja, anavua kofia, anakunja mkono wa shati mpaka juu, anauchomeka ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko na kuuacha humo kidogo, kichwa ameinamisha. Pumba zikiwa zimeanza kuharibika, alisema, zinapata joto ndani kabla jicho halijaona kitu. Halafu ananusa, kisha anatia chache mdomoni, anatafuna, anatema. "Hizi safi." Au, "Hizi rudisha." Hakukosea hata mara moja. Mwenye shamba alizoea kuuliza, "Mzee amezipitisha?" na nikisema ndiyo, hakuuliza tena.

Sasa ngoja niseme la masika yale.

Mvua ilinyesha bila kupumzika. Mto Mkondoa ukajaa, ukatoka kwenye njia yake, barabara ya kwenda Dumila ikakatika na ile ya Mikumi ikawa matope matupu, magari yanalala njiani. Mwenye shamba alikuwa Dar kwa matibabu. Upepo wa usiku mmoja ukanyanyua bati mbili za stoo upande wa nyuma. Nilizigundua asubuhi, nikamwambia fundi, fundi akasema kesho, na mimi nikalikubali hilo neno kesho mara tatu mfululizo. Nilitandika turubai, nikajiambia inatosha. Haikutosha. Siku ya nne nilipoivuta ile turubai nilikuta magunia saba ya mahindi yamelowa upande mmoja, mengine yameanza kutoa vumbi jeupe lenye wekundu kidogo, kama unga uliomwagiwa togwa. Nikakaa chini. Haki ya Mungu nilikaa chini palepale kwenye maji.

Hayo ndiyo mahindi tuliyokuwa tukiyaparaza kwa kinu kidogo na kuchanganya na pumba kwa ajili ya farasi. Majani makavu yalikuwa yamebaki kidogo sana, na malisho ya nje yalikuwa yamezama. Nilitaka kuyatupa. Nataka hilo lijulikane, si kwa kujitetea, ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: wazo langu la kwanza lilikuwa kuyatupa yote. Lakini nikaogopa. Nikamfikiria mwenye shamba akirudi mgonjwa na kukuta stoo tupu kwa uzembe wangu. Na wazo la pili likaja, ambalo ndilo najilaumu nalo mpaka leo. Nikasema, ngoja nimuulize baba.

Akaja. Akavua kofia. Akachukua punje kwenye kiganja, akazigeuza, akazivunja kwa meno. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, wa mtu aliye kazini. "Haya si ya kutupa," akasema. "Chakula chote hiki? Mwaka ule wa njaa tulikula mabaya kuliko haya na tukalima." Akapanga kazi. Jua lilipotoka tukayaanika kwenye turubai, tukayageuza kila saa kwa reki. Tukayachambua, yaliyooza tukayatoa. Tukayapepeta kwenye ungo, vumbi lote likaruka. Baada ya siku tatu yalikuwa makavu, yanalia ukiyamimina, na ile harufu huisikii tena mpaka uingize pua kabisa. Mimi niliingiza pua. Nikaisikia, kwa mbali.

"Baba, bado kuna kitu," nikasema.

"Ndiyo maana tutamuuliza ng'ombe," akanijibu.

Hapo ngoja nisimame kidogo nieleze. Kwetu sisi, ng'ombe ndiye mwenye neno la mwisho. Majani usiyoyajua, maji ya kisima kipya, chumvi ya ardhini, vyote unampa ng'ombe mmoja kwanza na unamwangalia. Akicheua vizuri, akinya vizuri, macho yakiwa meupe, basi mambo ni mazuri. Baba alilelewa hivyo na baba yake alilelewa hivyo, na mimi pia, ingawa nimekaa darasani na nimesoma vitabu vya stoo. Tukampa lile jike zee la pembe moja beseni zima la mahindi yale, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Akala, akacheua, akalala, akaamka. Akanenepa hata! Baba alinionyesha kinyesi chake kwa fahari, "Unaona? Unaona?" Na mimi nilipouona uso wake ulivyong'aa, ile harufu ya mbali nikaisahau. Hapana, sikuisahau. Niliinyamazisha. Nilitaka baba awe amepatia.

Tukaanza kuwalisha farasi. Dume lilikuwa limenenepa kupita kiasi, likapewa kidogo sana. Jike ndiye aliyetoka kuugua, ndiye wa kurudishiwa mwili, kwa hiyo baba alimjazia hori lake mpaka juu, na mara nyingine akamwongezea fungu la dume. Alimsimamia mpaka amalize. Alimfuta mdomo kwa kiganja.

Wiki tatu zilipita, barabara zikaanza kukauka. Asubuhi moja baba alikuja stoo akiwa hajavaa kofia. "Mama, mtoto hali." Hivyo ndivyo alivyomwita, mtoto. Nikaenda. Jike alikuwa amesimama, kichwa chini, majani yako nusu mdomoni na nusu nje, mate yanadondoka, kana kwamba amesahau katikati ya kutafuna. Tukadhani meno. Kufika mchana akaanza kuzunguka, upande mmoja tu, anazunguka, anazunguka, anagonga nguzo anazozijua. Baba akampigia ule mluzi wake. Masikio yalisimama, akageuka kuja, na akapita pembeni ya baba bila kumwona, akaenda kuegemeza paji la uso ukutani. Akawa anausukuma ukuta. Mnyama mkubwa vile, anausukuma ukuta kwa kichwa chake, na baba amemshika shingoni anamwambia kwa Kisukuma maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: nipo hapa, nipo hapa.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyekuwa Mikumi. Alifika kesho yake asubuhi kwa bodaboda, suruali imejaa tope, na bahati mbaya au nzuri, mwenye shamba naye alifika saa hiyo hiyo kutoka Dar, amekonda, anatembelea mkongojo. Jike alikuwa ameshalala chini, miguu inapiga hewa. Daktari alimpima, akamchoma sindano ya kumtuliza, kisha akauliza swali moja tu. "Amekuwa anakula nini?"

Nikampeleka stoo. Akachota yale mahindi yetu, akayamwaga kwenye karatasi, akayatenganisha kwa ncha ya kalamu. Alikuwa kijana mpole, lakini sura yake ilibadilika. "Haya yalilowa?"

"Yalilowa, tukayaanika," nikasema.

"Jua linakausha ukungu, sumu haliiondoi. Sumukuvu inabaki ndani ya punje, hata upepete mpaka zing'ae. Siwezi kuapa bila kupeleka sampuli maabara, lakini dalili zote ni hizo. Ubongo umeharibika. Hatapona."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Ng'ombe wangu alikula," akasema. "Siku tano. Ng'ombe alikula, hakufa."

"Ng'ombe anacheua, mzee," daktari akamjibu, bila ubaya wowote. "Tumbo lake ni jingine. Sumu ya namna hii ng'ombe anaihimili. Farasi na punda inawapanda kichwani. Ng'ombe hawezi kukujibia swali la farasi."

Nilimwona baba anavyoelewa. Sina namna nyingine ya kulisema. Aliyekuwa amewachekesha watu wiki mbili nzima kwa kusema farasi hacheui, alielewa kwamba alikuwa nalo jibu tangu siku ya kwanza, mkononi mwake, na akalifanyia mzaha. Alishika mwimo wa mlango.

Ndipo mwenye shamba akauliza taratibu, "Nani aliyesema mahindi haya wapewe farasi?"

Baba akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka tu. Nilimwona mzee wangu amesimama mlangoni hana kofia, nikaona tena zile asubuhi za kuvaa koti na kutokwenda popote, na mdomo wangu ukawahi. "Mimi ndiye mtunza stoo. Bati ziliezuliwa nikachelewa kuzitengeneza. Mahindi yakalowa. Niliyapitisha mimi." Yote yalikuwa kweli isipokuwa hilo la mwisho, na kwa kuwa mengine yalikuwa kweli, hilo la mwisho likapita nayo.

Baba alinitazama. Hakuwahi kunitazama hivyo, hata siku moja. Kisha akafunga mdomo, maana angefanyaje? Mzee wa kwetu hawezi kumfanya binti yake mwongo mbele ya wageni. Nililijua hilo. Nililitegemea.

Jike alikufa kabla ya saa sita. Trekta la shamba likachimba shimo karibu na mikonge iliyobaki. Baba hakusogea karibu, alisimama mbali, mikono nyuma, na hakutoa chozi. Watu wakasema mzee ana moyo mgumu. Mwenye shamba aliniachisha kazi siku ya pili, kistaarabu, bila matusi, akasema baba abaki kumtunza dume. Niliona nimeshinda. Hee! Mjinga mimi, niliona nimeokoa jambo.

Jioni ile baba hakula. Nilipomwekea maji ya kunawa, akasema, "Kwa nini ulinichukulia neno langu?"

"Nilikusaidia, baba."

"Hukunisaidia. Mimi ndiye niliyemlisha. Mkono huu. Umenitoa pale nikawa kama sikuwepo." Akaugeuza mkono wake, akautazama. "Sasa nitamliliaje? Nitamlilia kama nani? Kama jirani?"

Na asubuhi yake alivaa koti, akaenda mwenyewe kwa mwenye shamba kusema kweli. Nilimsubiri nje ya nyumba, nikiosha sufuria moja hiyo hiyo. Aliporudi alikuwa anatembea polepole. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimemwambia," akasema. "Nimemwambia kila kitu, tangu ungo mpaka ng'ombe. Unajua amefanyaje? Ameamka na ugonjwa wake, akanishika mikono miwili. Akasema, mzee, nakuelewa, hata mimi ningekuwa na binti ningesema hivyo hivyo. Akasema mimi ni mzazi mwema." Akatema mate pembeni. "Nimekwenda kuungama, nimerudi na sifa."

Hakurudi tena kazini. Akaliuza lile jike zee, hakutaka hata kujua limekwenda kwa nani, na tukahamia Mikumi, mimi nikaanza kibanda cha kuuza pumba na mashudu. Baba alikuwa anakaa nyuma ya duka kwenye kivuli cha bati. Hakuwa mgonjwa. Alikula kidogo, aliitikia salamu, aliuliza habari za mvua. Yule farasi hakumtaja. Hakulia, wala hakukasirika tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana baba yangu alikuwa mtu wa kukasirika na kucheka, siyo wa kukaa tu. Ukimya ule ulikaa naye mwaka na miezi. Mara moja moja nilimkuta midomo inacheza bila sauti, na nikijikohoza inaacha.

Mwishowe ni yeye aliyeniita. Ilikuwa mchana, hakuna mteja. "Mama," akasema, na nikashtuka kwa sababu hakuwa ameniita hivyo tangu Rudewa. "Nenda kwa yule bwana. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi hakuniamini, wewe atakuamini. Mwambie ni mzee aliyeyapitisha."

Nilifunga duka nikaenda kesho yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika getini nilimkuta mlinzi ambaye simjui, na nyuma yake shamba lilikuwa kimya, banda la farasi limewekwa mifuko ya saruji. Nikasema nimekuja kumwona mwenye shamba. Mlinzi akanitazama kwa huruma. "Hukusikia, dada? Tulimzika mwezi uliopita. Dume walilirudisha Arusha." Nikauliza kama kuna mtu wa familia. Hakuna, wako nje. Nilisimama pale getini na maneno yangu yote mdomoni, na hapakuwa na mtu duniani wa kuyapokea.

Nikarudi Mikumi. Baba alikuwa amekaa palepale, lakini alikuwa amevaa koti na kofia, mchana ule wa joto, kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliponiona akasimama.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta," nikasema.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, baba. Nilimwambia ni wewe."

"Akasemaje?"

"Alisema, kumbe ni mzee."

Baba aliketi taratibu. Akavua kofia akaiweka gotini. "Ndiyo," akasema, "ni mimi. Ni mimi niliyemwua." Halafu akafunika uso kwa viganja, akamlilia farasi wake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na mimi nikakaa chini pembeni yake na uongo wangu, nikimwitikia.